Nne, Halafu Tatu

Mama yangu alinichapa kofi mbele ya watu, na mimi nina miaka thelathini na tisa na ndevu zangu.

Kosa langu lilikuwa kodi.

Si kodi ya nyumba. Kodi ya kinanda, zile sauti tatu unazozibonyeza kwa pamoja zikasikika kama kitu kimoja.

Ngoja nianzie mwanzo. Hadi leo nikilikumbuka lile kofi nacheka, halafu kicheko kinanikaukia mdomoni.

Mama alipata kiharusi asubuhi akianika nguo. Upande wa kulia ukalala. Maneno yakaisha yote, hata jina langu.

Kilichobaki ni mvumo mmoja.

"Mmmm."

Sauti ile ile, asubuhi hadi jioni. Haipandi, haishuki.

Sasa mimi kazi yangu ni kupiga kinanda kwenye harusi. Nina suti mbili na mbwembwe za kutosha. Ila nina siri ambayo bendi nzima inaijua na maharusi hawaijui.

Najua kupiga sehemu moja tu. Do yangu, ile ya kwanza kwenye do-re-mi, inakaa kwenye kibonyezo cha C, vyeupe vitupu. Mwimbaji akitaka kupanda au kushuka, nabonyeza kitufe cha pembeni, kinanda kinahamisha sauti chenyewe. Vidole vyangu havihami.

Kitufe kile kimenilisha miaka kumi na minne.

Hospitali wakatupa dada wa mazoezi ya kuongea. Mpole, lakini hapindishi maneno.

"Kaka, wapo wagonjwa wanaoanza kuimba kabla ya kuongea," aliniambia. "Wapo ambao hawaanzi kabisa. Mama ana vipindi kumi. Tusipoona badiliko, nafasi yake atapewa mwingine."

"Mimi ni mpiga kinanda," nikasema, kifua mbele.

"Vizuri sana. Kipo pale."

Nikageuka. Kwenye kona kulikuwa na kinanda cha mbao cha zamani, juu yake wameweka maua ya plastiki. Hakina waya. Hakina kitufe.

"Naweza kuleta changu?"

"Vyombo vya umeme kutoka nje haviruhusiwi, kaka yangu."

Nikaondoa yale maua, nikakaa.

Kipindi cha kwanza mama akavuma. Nikaitafuta sauti yake kwa kidole kimoja. Ilikuwa E.

Basi nikafanya nilichozoea. Nikaweka kidole kwenye E, nikaruka cheupe kimoja, nikabonyeza, nikaruka kimoja tena, nikabonyeza.

Chumba kikajaa msiba.

Mama akageuzia uso ukutani. Chozi likamtoka kwenye jicho la upande uliolala, na hakulifuta. Nililifuta mimi kwa mkono wa shati.

Siku ile ile nikamfuata mpiga gitaa wetu, tunamwita Kipara. Nikamweleza yote. Akanitazama kama mtu aliyegundua dereva wake hana leseni.

"Miaka yote hii hujui kodi inajengwaje?"

"Nicheke baadaye. Nifundishe."

"Anzia sauti yako ya chini," akasema. "Hesabu vibonyezo vinne kwenda juu, vyeusi kwa vyeupe, usiruke hata kimoja. Hapo ndipo inakaa ya katikati. Kutoka hapo hesabu vitatu. Hiyo ndiyo ya juu. Nne, halafu tatu. Hiyo kodi inacheka."

"Na ile yangu?"

"Ulianza na tatu, ukamalizia na nne. Hiyo inalia. Angalia vizuri: ya chini haikuhama, ya juu haikuhama. Ya katikati ilishuka hatua moja tu, na kodi nzima ikaangua kilio."

Kwa hiyo nilikuwa nimemlilia mama yangu akiwa hai, wodini, mchana kweupe.

Nikarudi nyumbani, nikakiziba kile kitufe kwa plasta. Nikahesabu mpaka nikawa nahesabu hata ngazi za hospitali. Nne, halafu tatu.

Kipindi cha nne nilikuwa tayari. Mama akavuma E. Nikabonyeza E, nikahesabu vinne nikatua kwenye cheusi, nikahesabu vitatu. Safi kabisa, hata Kipara angenivulia kofia.

Mama akanyamaza, akatikisa kichwa.

Cha tano, vile vile. Cha sita, vile vile. Cha saba akafumba macho mpaka nilipoacha.

Cha nane ndipo aliponyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akanichapa kofi.

Kwenye korido nikaegemea ukuta.

"Nimeshindwa kodi," nikamwambia dada wa mazoezi.

"Pole jamani. Na mwenye nyumba hataki kusikia?"

Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Kipindi cha tisa sikupiga kitu. Nilikaa nimemshika mkono, yeye anavuma, mimi namsikiliza. Nilijiona sina maana yoyote.

Cha kumi, cha mwisho, akaja Bi Besi. Huyu aliimba na mama kwenye kwaya tangu mimi sijaanza shule, mwanamke pekee aliyesimama mstari wa besi na wanaume wakamwogopa. Akaketi. Mama akavuma. Nikabonyeza ile kodi yangu ya nne, halafu tatu.

Bi Besi akakunja uso.

"Mwanangu, mbona unamkalisha mama yako sakafuni?"

"Kivipi, mama?"

"Hiyo sauti yake umeifanya do. Huyu hajaimba do tangu nimfahamu. Ni sauti ya pili huyu, miaka thelathini na nne. Hiyo anayovuma ni mi. Do iko chini yake, na mwenye kuishika nilikuwa mimi."

Nikavitazama vidole vyangu.

Ya katikati. Mama alikuwa ya katikati.

Nikaanzia kwenye E yake, nikahesabu kurudi chini. Moja, mbili, tatu, nne.

Kidole kikatua kwenye C.

C. Do, mi, so. Kodi ya kwanza kuijua duniani, na kwa miaka kumi na minne nyumba yangu ilikuwa ni hiyo.

Nikabonyeza. Bi Besi akaingia chini na "dooo" lake nene. Mama akavuma pale pale alipokuwa akivuma siku zote, na safari hii alikuwa amezungukwa.

Mabega yake yakashuka. Akafungua mdomo.

"Hapo."

Wazi kabisa. Dada wa mazoezi akaacha kuandika.

"Mama, sema tena," nikamwomba. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza labda mara ishirini. Ulirudi mvumo peke yake, mpaka muda ukaisha.

"Neno moja halitoshi, kaka," dada aliniambia kwenye korido, naye macho yamemlowa. "Na si mimi ninayeamua."

Nafasi akapewa mwingine.

Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile. Mama hajasema neno lingine.

Kila alasiri naweka kiti chake kando ya kinanda changu. Nabonyeza C na G tu, ya chini na ya juu. Ya katikati namwachia mwenyewe. Kodi ikiwa hivyo haicheki wala hailii, ipo tu, inasubiri. Halafu mama anaingia, na inacheka.

Ila siku hizi anachoka. Zipo siku sauti yake inateleza, inashuka hatua moja tu, na kodi nzima inalia. Mimi vidole vyangu viko pembeni, chini na juu. Siwezi kumpandisha.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu wako akikuvumia sauti moja, usikimbilie kujenga juu yake. Uliza kwanza yeye ni sauti ya ngapi.

Nimekuwa mwanawe miaka thelathini na tisa, na sikuwahi kumuuliza.