Burito Alivyobishana na Burito

Mume wangu Burito alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda kimoja cha samaki hapa Musoma, na sauti yake haikuwa ya kuazima. Akipaza "Mshikamano!" pale langoni, watu wa mbali kule Bunda wanaweka majembe chini. Hata kuku wangu hapa Nyakato waligoma kutaga, mpaka alipowaongezea pumba. Kwa watoto, lakini, alikuwa laini kama uji. Binti yetu Gloria alikuwa anabebwaga mgongoni mpaka miguu ikawa inaburuza chini.

Gloria akachumbiwa na Danford, kijana wa Butiama, mkata minofu kiwandani hapohapo. Wazee wake wakaja kupatana mahari. Kwetu siku hiyo baba wa binti hafungui mdomo, anasemewa na kaka yake. Wambura, kaka mtu, akatoka Kibara, akamwonya mlangoni:

"Burito, leo wewe ni jiwe. Jiwe linasemaga?"

"Halisemi, kaka."

Wambura akapanga vijiti mkekani, kila kijiti ng'ombe mmoja. Vilikuwa vingi, ungedhani tunajenga uzio. Mzee Magesa, mjomba wa Danford, akashika kichwa.

"Jamani, kijana wetu ni kibarua tu! Anashinda kwenye barafu, vidole vimekufa ganzi, na bado mnamkamua?"

Nikaona jiwe langu linatikisika. Shingo ikajaa mishipa.

"Hoja! Huyu ni mwanachama wangu!"

Akaruka, akaketi upande wa wakwe, akaanza kuondoa vijiti.

"Burito! Zizi unalobomoa ni lako!" Wambura akafoka.

"Hata kama! Mwenye zizi ni mnyonyaji!"

"Mwenye zizi ni wewe!"

"Ndiyo maana namjua!"

Wambura akavaa kofia, akachukua fimbo yake. Hapo hata mimi nikaacha kucheka, maana baba mkubwa akitoka kwa hasira, ndoa imekufa. Gloria akachomoka nyuma ya pazia, machozi yanamwagika.

"Baba, Danford ana wa kumtetea. Mimi nani ananitetea?"

Burito akainuka pale kwa wakwe. Kisha akarudi upande wetu, akarudisha vijiti, akamsifu binti yake mpaka mzee Magesa akaanza kupiga makofi. Akahama tena, akajijibu. Akarudi, akajipinga. Alijiita mkaidi, akajitishia mgomo, akajitaka radhi. Jasho lilimtiririka mpaka bata wangu wakaja kuogelea. Mwisho akaondoa kijiti kimoja tu, mkono wa kulia ukaushika wa kushoto, akautikisa kwa nguvu.

"Tumekubaliana!"

Wambura alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Akavua kofia, akakaa. Nami nikapiga kigelegele, Gloria asije akaghairi kwa aibu.

Mwaka jana, tulipomzika Burito, Danford alikuja msibani anakokota dume jekundu, nene kama boti.

"Mama, huyu ndiye ng'ombe ambaye baba alinitetea nisimlete."

Wambura akafuta macho. "Shemeji, Burito angekuwepo angempinga."

"Angempinga," nikasema, "halafu angejijibu."

Dume likachinjwa. Nikala fungu langu, nikala na la Burito, maana mwenyekiti hakuwepo kuleta hoja.