Pechiyammal na Pepo Asiye na Jina

Kazi ya Pechiyammal ilikuwa kulia. Kwa miaka arobaini, katika vijiji vya Usilampatti, maiti hakutoka nyumbani kwake kabla Pechiyammal hajajipiga kifua na kumwimbia: alizaliwa wapi, alipenda mboga gani, nani alimdhulumu. Hilo la mwisho liliwaacha jamaa wengi tumbo joto. Kisha Sudalaimuthu, mkodishaji wa vipaza sauti, akaleta kilio cha kanda, sauti ya mwanamke wa mjini asiyemjua maiti wala ndugu zake. Watu wakafuata upepo. Ukawa mwaka wa pili mama wa watu haitwi hata msiba mmoja, na hakuna linalouma kama kusikia msiba wa jirani ukiwa umekaa kwako.

Basi watu wa filamu walipokuja kutoka jiji la Chennai kutafuta sauti ya kumlilia pepo wao, alikubali kabla hawajamaliza kahawa. Ilikuwa filamu ya vitisho na vichekesho: mwanamke aliyetupwa kisimani na shemeji yake anarudi kulipiza kisasi. Mwongozaji, kijana aitwaye Thenappan, akamkalisha mbele ya maikrofoni.

"Haya Bibi, lia."

"Namlilia nani?"

"Pepo."

"Pepo ni kazi yake. Jina lake nani?"

Thenappan akawatazama wasaidizi wake. "Hana jina, Bibi. Ni pepo tu."

"Mama yake alimzaa akamwita 'pepo tu'? Ana mtoto? Alipenda kula nini? Mmeua mtu hamjui hata jina lake, halafu mnashangaa anarudi!"

Wasaidizi wakaangua kicheko. Thenappan alibembeleza, akanuna, Bibi hakutikisika. Mwishowe kijana akaketi sakafuni na kalamu. Kufikia alasiri pepo alikuwa Ponnuthayi, msuka vikapu, mpenda samaki wakavu wa kukaanga, mama wa binti mmoja. Ndipo Pechiyammal akalia, na alipofika kwa shemeji akamtolea uvivu.

Siku ya kwanza ya filamu, ukumbi wa Usilampatti ulifurika. Sudalaimuthu alikaa mbele na mama yake mzee, Irulayi. Kwenye skrini shemeji kajificha chini ya kitanda, na sauti ya Pechiyammal ikamfuata:

"Toka huko, shemeji! Ponnuthayi hali watu, anataka umtazame machoni! Kisima kilimmeza yeye, wewe na tumbo hilo mtakwama mdomoni mwake!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mara sauti ikashuka, ikamtaja binti anayejichana nywele mwenyewe asubuhi bila mama, na ukumbi uleule uliokuwa ukicheka ukalia kwa kwikwi.

"Rudia! Rudia!" Walipiga miluzi, wakarusha makaratasi hewani. Mwendesha mitambo akarudisha kipande kile mara tatu. Pechiyammal, kwenye safu ya wanawake, alijisikia mrefu kama mnazi, na alistahili.

Taa zilipowashwa, bibi Irulayi akamgonga mwanawe kwa fimbo.

"Umesikia? Nikifa, ataniimbia huyu. Ukiniwekea lile sanduku lako la kanda nitarudi, na kwako naijua njia!"

Ukumbi ukalipuka. Sudalaimuthu, jasho likimtoka, akapita katikati ya watu wote na kuunganisha viganja mbele ya Pechiyammal.

"Shangazi, nisamehe. Utakuja kumwimbia mama?"

"Nitakuja, mwanangu," alisema Pechiyammal. "Lakini mwache kwanza afe."