Siku Niliyofurisha Ploti Yetu

Kazi yangu ni kutafiti maji: yanatoka wapi, yanapotelea wapi, na mji unaokua kama huu utakunywa nini mvua zikizidi kuadimika. Kwangu ni mtaa wa Pipeline, kwenye ghorofa ambalo mifereji yake hutoa hewa siku nyingi na maji siku chache. Majirani huniita Daktari wa Maji. Nilidhani ni heshima.

Mwaka jana niliamua kupima matumizi ya maji ya ploti yetu, yaani ghorofa zima. Nikapanda paani asubuhi kutia kipimo ndani ya tangi la wapangaji wote. Lile boya linalofunga maji tangi likijaa lilinisumbua, nikalifunga chini kwa kamba. Nilipomaliza nikajipiga picha na tangi, nikashuka kuvaa suti. Nilikuwa na hotuba mjini kuhusu upotevu wa maji. Kamba niliisahau huko huko juu.

Katikati ya hotuba simu ikatetema. Mke wangu. Nikaikata, akapiga tena. Nikaomba radhi, nikajibanza pembeni.

"Maji yamerudi," akasema.

"Vizuri. Jaza mitungi."

"Mitungi imejaa. Sasa yanashuka ngazi."

Hapo ndipo nilipoikumbuka kamba. Nilimaliza hotuba mbio mbio, jasho likinitoka, na watu wakanipigia makofi marefu. Nadhani waliona nina uchungu na nchi.

Nilipofika nyumbani, ngazi zilikuwa mto. Watu walikuwa wamezitoa blanketi zote kuziba maji milangoni. Jirani yetu wa chini, mama wa Kikamba aliye karani, alikuwa amekunja sketi akisugua zulia mlangoni pake.

"Daktari, leo umefanya kazi," akaniambia.

"Mama, haya ni makosa yangu. Nilisahau..."

"Usinieleze. Shika upande huo tukamue."

Nikakamua zulia nikiwa na tai shingoni, ndipo nikapanda kuifungua kamba. Kule juu nilisimama nikiyatazama maji yanayomwagika, na aibu ikanishika kwelikweli. Kuna mitaa hapa jirani ambako watu walikuwa wakipanga foleni ya maji.

Jioni mwenye nyumba alibadilisha kufuli la paa. Kipimo changu kilibaki ndani ya tangi, na sijakiona tena. Yule mama naye, mifereji ikikauka wiki nzima, hunigongea mlango kuniuliza kwa upole utafiti utaendelea lini.