Keki ya Mama na Mwewe wa Ngorongoro

Kwa miaka arobaini nimekuwa nikisema kwamba mwewe alininyang'anya keki. Nimesema hivyo kwa Mama, kwa kaka zangu, kwenye kila harusi ya ukoo, na mara moja, Mungu anisamehe, mbele ya wanafunzi wangu wa chuo nilipokosa mfano wa ajali isiyozuilika. Leo nakiri. Mwewe hakuninyang'anya. Nilimpa.

Sisi tuliokulia Karatu ya vumbi jekundu hatukuhitaji televisheni. Tulikuwa na familia ya Wadenmaki. Walipanga nyumba jirani na shamba letu: baba mchimba visima, mke wake tuliyemwita Mama Lise, na binti yao Lise, aliyekuwa na miaka tisa kama mimi. Tulijipanga kwenye ua wa minyaa kuwatazama. Walimwogesha mbwa kwa sabuni, wakati kwetu kipande kimoja kilihudumia nyumba nzima hadi kikawa chembamba kama ukucha. Walichemsha maji, wakayachuja, wakayachemsha tena, kana kwamba yana kesi ya kujibu. Jioni walitoka kutembea, wakafika kwenye mti fulani, wakageuka, wakarudi. Bibi yangu aliwasikitikia kwa dhati. "Maskini," alisema, "wamepotea tena."

Lise hakupotea. Mchana alikuja kwetu kula makande kwa mkono, nami nilikwenda kwao kula mkate wenye jemu, na kila mmoja alimwona mwenzake mjinga kwa kukimbia chakula kizuri. Tulicheza rede kwa mpira wa matambara. Mvua ikinyesha tulikalia vipande vya dumu na kuteleza kwenye udongo wa kilimani, tukafika chini tukiwa wekundu wote wawili, na hapo ndipo mama zetu walipopata taabu ya kututofautisha.

Mama yangu alikuwa mpishi wao. Aliyemtangulia aliachishwa kazi kwa sababu alidai anajua kuoka, kisha akatoa kitu cha kuzibia ukuta. Mama naye alipoulizwa kama anajua kuoka keki, alijibu, "Sana." Alikuwa hajawahi kuoka hata andazi. Miezi miwili alikwepa kwa kupika ndizi na wali wa aina zote, lakini sare zetu za shule zilitegemea kazi ile, nami nilijua, kwa sababu Mama alinong'ona jambo hilo katika kila sala ya jioni.

Ikafika siku ya kuzaliwa ya Lise. Wangeshuka kreta ya Ngorongoro, keki ikaliwe huko, nami nikaalikwa. Nilizaliwa karibu na kreta ile na nilikuwa sijawahi kuiona; ilibidi mtoto atoke Ulaya aje kunipeleka.

Siku ya kuoka, bekingi pauda ilikuwa imekwisha, na enzi zile ukikosa kitu dukani ulikuwa umekikosa kweli. Mama hakuyumba. Nyumbani kulikuwa na magadi, ambayo mjomba alituletea kutoka Baray kwa punda, pamoja na vitunguu. Magadi hulainisha maharage sugu. Yangeshindwaje na unga wa ngano? Akatia vijiko vitatu, akaongeza cha nne kwa ajili ya baraka. Akaoka ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Keki ikatoka ya rangi ya dhahabu, imenona kama mto wa kulalia. Asubuhi akaifunga kwenye kitambaa, akaniwekea mapajani ndani ya Landrova.

"Ikidondoka," alisema, "na wewe usirudi."

Ukingoni mwa kreta kulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata masikio. Tulipoanza kushuka gari likarukaruka, kipande cha keki kikamomonyoka kiganjani mwangu. Nikakila. Sabuni! Sabuni yenye sukari. Nilimeza kwa sababu nilikuwa nimelelewa vizuri, kisha nikahesabu: kwanza Lise ataonja, kisha Mama Lise, kisha kazi itakwisha.

Siku ile niliona faru, simba na flamingo, na sikumwona hata mmoja wao. Niliiona keki tu.

Tulisimama kula kando ya bwawa la viboko. Dereva wetu, Safari, Mmbulu mwenzetu, alionya: "Kulieni ndani ya gari. Mwewe wa huku hawana adabu." Lakini Mama Lise alitaka birthday iwe juani, akatandika kitambaa juu ya boneti.

"Wewe mtoto, lete keki," Safari akaniambia. "Ishike chini, ifunike!"

Niliifunua. Nikaibeba juu ya kichwa, kwa mikono miwili, kama mhudumu wa hoteli ya kifalme, nikatembea polepole kuliko nilivyowahi kutembea maishani.

Bawa lilinipiga shavuni. Keki ikaruka, ikapasuka, ikajaa mchanga. Mwewe aliondoka na pande kubwa, na hapa naomba msomaji asikilize vizuri: baada ya hatua chache angani alilitema. Hakuna aliyeliona jambo hilo ila mimi. Wengine walikuwa wanamtazama Lise, aliyecheka hadi akapata kwikwi. Waliuchomeka mshumaa kwenye nusu ya chungwa, wakaimba, naye akasema hajawahi kuwa na birthday nzuri kama ile.

Mama alikuwa anatungoja getini, mikono ameificha ndani ya khanga. Alipoelezwa, alinichapa kwa mwiko mara mbili mbele ya wageni, kwa uzembe. Jumapili akamchukua jogoo wangu, Meja, akampeleka kanisani kuwa sadaka. Baada ya ibada Meja alipigwa mnada kama mahindi na sadaka nyingine, mzee wa kanisa akamnunua, na mchana wa siku hiyohiyo akamla. Nililia wiki nzima. Niliona hukumu imezidi kosa.

Tangu hapo Mama amejisifu kwa keki ile. "Sijawahi kuoka nyingine iliyoifikia," huwaambia wakwe. Ningemwambiaje?

Mwezi uliopita Lise aliniandikia. Ana mvi sasa. Anakuja na watoto wake kushuka kreta, na anataka keki ileile, ya mkono uleule. Nilimwalika mwanangu aungane nasi. Akauliza kama kule chini kuna mtandao. Watoto wa siku hizi wameiona kreta mara mia kabla hawajafika. Mwewe akiwapiga bawa, watamwomba arudie, kamera haikuwa tayari. Sisi tulifika mara moja tu, hatukuwa hata na picha, na bado shavu langu linajua bawa lilipita wapi.

Basi juzi nikampigia Mama, nikakiri yote kwa pumzi moja: magadi, sabuni, kichwani, pande lililotemwa.

"Unadhani mimi sikuionja?" akasema. "Mlipoondoka nilikwangua sufuria. Nikapiga magoti palepale jikoni. Nikasema, Bwana, fanya unavyojua wewe, ila isiliwe."

"Na umejisifu miaka arobaini?"

"Nani angenipinga? Mwewe?"

"Na mwiko je, Mama?"

"Wageni walikuwa wanatazama. Ningekupongeza?"

Nikauliza nililoogopa kuuliza. "Na Meja?"

"Yule alikuwa shukrani," akasema. "Nilimshukuru Mungu kwa kumtuma yule ndege." Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kupiga paja. "Kumbe aliyetumwa ni wewe! Njoo Jumamosi, mwanangu. Uje na bekingi pauda. Hapa uani nina jogoo, na huyu hapelekwi kanisani. Ni wako."