Ukuta wa Mafuriko wa Kithangathini

Nilitoka nyumbani Kilungu kwa sababu ya ukuta. Najua mwalimu mstaafu hafai kuacha maharagwe yake shambani aende kuangalia ukuta, na dada yangu aliniambia hivyo bila kupunguza neno. Lakini ukuta huu haukuwa na muda. Kithangathini, maana yake mchangani, ni soko dogo la zamani kando ya mto, chini ya Matiliku, na duka kongwe kuliko yote pale lilikuwa limepangiwa kubomolewa ili vibanda vipya vipate nafasi. Lingepona kwa njia moja tu: ofisi inayoshughulika na majengo ya kale ikubali kuliandikisha. Ofisi ilitaka ripoti na picha. Ripoti ni kazi yangu, picha ni za Kalondu, niliyemfundisha darasa la sita na ambaye mpaka leo ananiita Mwalimu.

Ukiliona kwa nje hulitazami mara mbili. Ni mawe, udongo, mabati yenye kutu na milango miwili ya mbao. Thamani yake iko ndani. Aliyelijenga alikuwa mfanyabiashara Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani. Mto ulipoingia dukani mwake mara ya kwanza, alichukua kaa la jikoni akachora mstari ukutani pale maji yalipofika, na kando yake akachora kile maji yalichochukua: mbuzi. Alipofariki duka lilipita mikono mingi, ya Waislamu na ya Wakristo, lakini desturi haikukatika. Mwenye ufunguo ndiye mchoraji. Mistari ilikuwa imefika saba. Niliiona mara moja tu, siku ya mazishi fulani, na sikuwa na kamera.

Wiki moja kabla ya safari nilituma habari dukani kwamba tunakuja. Huku kwetu humvamii mtu kama askari. Unamtumia neno, ajiandae. Niliona nimefanya la adabu.

Saa mbili asubuhi Kalondu alinipitia na gari lake dogo lenye mlango mmoja usiofunguka. Kilungu ilikuwa bado na ukungu, na wanawake walikuwa wanapandisha kijia na magunia ya parachichi mgongoni. Kushuka kule ni kama kuvuliwa nguo kidogo kidogo: kwanza unatoa sweta, halafu kitambaa cha kichwa, ukifika bondeni unatamani kuvua na viatu. Kalondu aliniuliza nina hakika gani ofisi itakubali. Nilimwambia ripoti bila ushahidi ni hadithi, lakini sisi tunao ushahidi ukutani. Nilisema hivyo kwa kiburi kidogo, nakiri.

Saa nne tulikuwa Matiliku. Tulikunywa chai na mandazi kwa mama mmoja aliyetaka kujua tunauza nini. Nilipomweleza kwamba hatuuzi, tunakwenda kukagua ukuta wa Kithangathini, alitikisa kichwa akasema poleni, kisha akatuongezea chai bila kuombwa.

Saa tano na nusu tuliingia Kithangathini. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira. Katikati watu walikuwa wamechimba visima vifupi na punda walisubiri mitungi ijae. Ukiambiwa mto huo huingia madukani utacheka. Kalondu alicheka.

Mwenye ufunguo wa sasa ni Mzee Nzioka, fundi cherehani. Ameshona sare za shule na suti za harusi ndani ya duka hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hana mahali pengine. Nyumba ikibomolewa, cherehani yake inakwenda barazani kwa watu. Tulimkuta mlangoni amevaa koti na tai, katika jua lile. Mkewe, Mama Ndunge, alikuwa amefagia mpaka barabarani. Walitusalimia kwa mikono miwili, wakauliza habari za Kilungu, za mvua, za dada yangu na maharagwe. Kisha Mzee akatufungulia mlango wa pili kwa heshima zote.

Ukuta ulikuwa mweupe pepepe. Harufu ya rangi ilikuwa bado inachoma macho.

Kalondu alishusha kamera. Alisogea, akakwaruza pembeni kwa ukucha, akapata weupe juu ya udongo. Kaa halivumilii brashi. Lililokuwa chini lilikuwa limeshakorogeka na kuwa kivuli cha kijivu. Mistari saba, vizazi vya watu, imekwenda kwa ajili yangu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu mwenyeji alipaka rangi. Nilikasirika, na aliyenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe na lile neno langu la adabu.

Mama Ndunge ndiye aliyeona nyuso zetu kwanza. Alituketisha, akaleta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, na maziwa ya mgando, akatutazama tukila bila hamu. Mzee aliniuliza kama rangi haikushika vizuri. Nilimweleza polepole, kama nilivyokuwa nikieleza hesabu za sehemu, kwamba ofisi ilitaka ile michoro yenyewe, ule uchafu wenyewe. Alikaa chini kwenye kiti chake cha cherehani. Alilegeza tai.

"Mwalimu," alisema, "ningewakaribishaje wageni wa serikali kwenye ukuta mchafu? Watu wangesema Nzioka hana mke."

"Sisi si wa serikali, Mzee."

"Mnaandikia serikali. Ni hiyo hiyo."

Nilikuwa nafikiria jinsi ya kuandika ripoti isiyo na kitu. Kisha Mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba hakukusudia kuifuta moja kwa moja. Alitaka kuirudisha michoro kwa brashi rangi ikikauka, na safari hii inyooke, maana wazee wale walikuwa wanachora kama walevi. Ndiyo maana alipima kwanza.

"Ulipima?" Kalondu aliuliza.

"Mimi ni fundi. Nitakataje kitu bila kupima?"

Alivuta mtoto wa meza akatoa utepe wa kitambaa cha kaki, ule wa kaptura za shule, mrefu kumzidi yeye. Mafundi wa zamani hupima hivyo: hawaandiki tarakimu, wanakata kijimkato pembeni pale bega lilipo, pale kiuno kilipo. Utepe huu ulikuwa na mikato saba, kutoka sakafuni kwenda juu, na kwenye kila mkato Mzee alikuwa ameshona kwa uzi mwekundu alama iliyokuwa ukutani. Mbuzi. Mlango. Jembe. Gunia. Kuku wawili. Cherehani, ambayo alisema ni yake, ya kwanza. Na juu kabisa, mstari wa saba, uliokuwa na kiatu cha mtoto. Hapo Mama Ndunge alitazama nje.

Tulisimamisha utepe ukutani, Mzee akishika chini na Kalondu akipiga picha. Mkato wa saba ulinifika shingoni. Nilibaki nimesimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hasira ilikuwa imeniisha, nikaona haya.

Saa tisa tulianza kurudi. Mama Ndunge alitupa maembe mabichi na kutuomba radhi tena, jambo lililonikata maini. Njiani Kalondu alishauri tuandike kwamba picha za ukuta ziliharibika. Nilikataa. Niliandika yaliyotokea: kwamba michoro ya asili ilifutwa na mwenye ufunguo kwa sababu ya ujio wetu, kwamba vipimo vyake vipo kwenye kitambaa, na kwamba kosa ni la mwandishi wa ripoti. Giza lilikuwa linaingia tulipofika Kilungu. Dada yangu aliuliza ukuta ulikuwaje. Nilimwambia safi.

Ofisi haikukataa wala haikukubali. Walijibu kwamba kitambaa peke yake hakitoshi, ila duka lisibomolewe mpaka mtu wao afike kuona baada ya mvua. Niliona hiyo ni lugha ya kutukataa kwa upole.

Mvua za Novemba zilikuja kwa fujo. Asubuhi moja Mzee Nzioka alinipigia simu. Mto ulikuwa umepanda, ukaingia dukani, ukatoka. Wao walikuwa salama na cherehani ilikuwa juu ya meza. Lakini kwenye ule ukuta mweupe maji yalikuwa yameacha mstari wa tope, mwekundu, ulionyooka kuliko brashi yoyote. Aliteremsha utepe wake akapima: mstari ulikuwa sawasawa na mkato wa pili, ule wa mlango.

Mtu wa ofisi alifika akiwa na viatu vya mpira. Aliuona mstari, akauona utepe umening'inizwa kando yake, akapima mwenyewe, akasema sasa mto wenyewe umethibitisha vipimo vya Mzee. Barua ilipokuja ilikuwa fupi: duka litaandikishwa, halibomolewi, na vibanda vitafutiwe mahali pa juu zaidi ya mto.

Nilimpigia Mzee nikamsomea barua yote, neno kwa neno. Nilisikia akimwambia Mama Ndunge, na Mama Ndunge akilia. Kisha akanirudia.

"Mwalimu, Mungu akubariki," alisema. "Sasa niambie. Jumapili watu wa kanisa wanakuja hapa kwetu kutushukuria. Ile tope nifute, ama?"