Baba alivyofukuzwa mlangoni kwake, ndani ya kompyuta

Wakuu, salaam kutoka Neasden huku London, mvua kama kawaida. Haya yalitokea kwetu sebuleni, na chumvi sijaongeza.

Sisi ni Wahindi wa Tanga. Tulihamia London nikiwa mdogo, na mpaka leo kwetu Kiswahili ndo lugha ya kugombana.

Miaka ya themanini mwanzoni Baba alinunua kompyuta, zile za kuchomeka kwenye TV. Lengo lake lilikuwa hesabu za biashara.

Mimi binti yake nikapata kaseti ya software ya kutengenezea game zako mwenyewe. Hakuna picha. Unaandika vyumba kwa maneno, mchezaji anatype anachotaka kufanya, basi.

Nikanogewa. Hesabu za Baba zikalala doro.

Akawaka. "Jumamosi kitu hiki kinarudi kilikotoka!" Na Baba akisema, amesema.

Nililia jamani. Shuleni sikuwa na rafiki, ile kompyuta ndo alikuwa shoga yangu.

Sasa, game niliyokuwa naitengeneza ilikuwa nyumba yetu ya Tanga. Duka mbele, sisi nyuma, na bibi mzaa baba ndani. Nikamwomba, "Baba, cheza mara moja tu, halafu kairudishe."

Alikuwa ndo kwanza ametoka kazini. Akakaa, akatype kwa kidole kimoja: INGIA.

Kompyuta ikamjibu: "Hata hodi? Umelelewa wapi wewe?"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Maana nyumba nzima, polisi wa hodi ni Baba mwenyewe!

Akapiga hodi, akaingia. Akafukuzwa tena: "Viatu! Nimedeki sasa hivi!"

Baba akasema, "Huyu ni mama yangu kabisa."

Bibi aligoma kuondoka Tanga, akafia huko. Tangu siku hiyo Baba hakuwahi kumtaja, na sisi tuliogopa kuuliza.

Akatype VUA VIATU. Na wakuu, wallahi, akainama akavua na vya miguuni.

Akazunguka vyumba vyote. "Ua uko wapi? Mbona kisima hujaweka?"

"Sikumbuki, Baba."

Akavuta kiti karibu. "Andika."

Jumamosi ikafika, ikapita, sisi tuko uani. Kisima, banda la kuku, kiti cha Bibi, mpaka alivyokuwa akiita watu kula. Anasimulia huku analia, huku anacheka.

Mwisho kompyuta ikagoma, memory imejaa.

Baba akaikodolea TV. "Imejaaje? Hata kwa jirani hatujafika!"

Nilichojifunza: mzee asiyetaka kusimulia, usimbane kwa maswali. Mwonyeshe ulivyokosea, atakurekebisha mpaka kuche.

Haya, leteni zenu. Nyumba ya kwenu ingekufukuza mlangoni kwa kosa gani?