Siku ya Kulijaribu Gitaa Jeusi

Sikumpenda mwalimu wetu wa kwaya, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Yeye pia hakunipenda. Tulisali kanisa moja hapa Tunduma, tukaimba kwaya moja kwa miaka mingi, na sikumbuki siku tuliyosalimiana bila mmoja wetu kuwahi kuuvuta mkono wake.

Mimi nilipiga gitaa. Nilifundishwa na baba yangu, mkulima wa kahawa kule Hasamba, aliyekuwa akikaa kibarazani baada ya kuanika kahawa na kupiga nyimbo za kanisani mpaka mama amwite chakula. Nilipoolewa na kuhamia Chapwa, hapahapa Tunduma, baba alinipa gitaa lake. Lilikuwa gitaa kavu, lisilo na umeme, lenye sauti ya joto iliyokaa vizuri chumbani. Kanisani tuliweka maiki mbele ya tundu lake, nami nikakaa kitini bila kutikisika, maana nikisogea kidogo tu sauti inapotea.

Mwalimu alikuwa mtu wa kinanda. Sikio alikuwa nalo, hilo siwezi kumnyima. Akisikia mtu mmoja kwenye sauti ya pili amekosea, alimjua bila kugeuka. Ila alitaka kila kitu kipite mikononi mwake. Ile mashine ya kuchanganyia sauti, tuliyoiita mixa, aliiweka karibu na kinanda chake, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuifuta vumbi.

Chuki yetu ilianza kuwa ya wazi kwenye harusi ya mmoja wa wanakwaya. Nilipiga mchana kutwa, jasho linanitoka, vidole vinawaka. Tulipomaliza nikaenda kukaa na shangazi yangu, akanisogezea soda na kuniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unafanya nini pale mbele? Unapapasa tu nyuzi?"

"Nilikuwa napiga, shangazi."

"Mbona hatukusikia gitaa?"

Nilisimama nikaenda moja kwa moja kwenye mixa. Kitufe cha mstari wangu kilikuwa kimeshushwa mpaka chini kabisa. Mwalimu alikuwa anakunja nyaya.

"Umenizima," nikamwambia.

"Ulikuwa unagongana na kinanda."

"Si ungeniambia?"

"Ningekwambia ungesikia?" Kisha akairudia sentensi yangu kwa lafudhi ya Kinyiha cha kwetu Mbozi, akivuta maneno kama ninavyoyavuta mimi nikikasirika. Wanaume wa sauti ya tatu wakacheka. Na wao karibu wote wanatoka Mbozi, wanavuta maneno vilevile, lakini walicheka.

Tangu siku hiyo sikumsalimia tena ila pale mchungaji alipokuwa anatazama.

Basi kwaya ikaalikwa kuimba kwenye mkutano wa injili Mlowo, kiwanjani, kwenye jukwaa la wazi. Kila mtu alijua kwamba gitaa kavu na maiki mbele ya upepo ule wa Mlowo ni kujitafutia aibu. Kamati ikakaa. Mwalimu akataka kinanda kipya. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi mwenye sauti inayosikika hadi barabarani, akasema kinanda tunacho na kinafanya kazi, na akanigeukia mimi: "Tafuta gitaa la jukwaani. Lenye umeme ndani, la kuchomeka waya tu. Likipatikana tulijaribu hapa, watu wote wasikie."

Nikavuka kwenda upande wa Zambia, kwa mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya muziki ambaye pia alikuwa mnunuzi wa mahindi ya mwenyekiti. Alinisalimia kwa Kibemba, nikamjibu kwa Kiswahili, tukaelewana. Alikuwa na gitaa jeusi, jembamba kuliko la baba, lililochongwa pembeni ili mkono ufike sauti za juu shingoni. Ubavuni lilikuwa na vibonye vya besi na sauti kali, taa ndogo ya kukuonyesha kama nyuzi zimekaa sawa, na kijumba cha betri. Kwa ajili ya mwenyekiti, akakubali tulichukue tukalijaribu kwanza.

Jumamosi mchana nililifungua mbele ya kwaya nzima. Nje malori yalikuwa kwenye foleni ya mpakani kama kawaida, na tulilazimika kufunga madirisha ili tusikilizane. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye mixa, miguu ameikunja, ametulia kupita kiasi.

Nilianza bila umeme. Nililiinua usawa wa jicho nikaichungulia shingo, ilikuwa imenyooka. Nikapita kila uzi, kila kituo, polepole, nikitafuta mahali panapokwaruza. Uzi mwembamba ulikwaruza kidogo juu kabisa ya shingo, nikasema. Nikapiga wimbo mmoja tunaoufahamu wote, na sauti ikatoka nyembamba, kama gitaa limefunikwa blanketi.

"Bila umeme halina kitu," nikawaambia. "La baba yangu linalishinda mbali. Anayetaka gitaa la kupiga sebuleni asinunue hili."

Mwenyekiti alikunja uso. Mwalimu akatabasamu. Nadhani hakutegemea nimpe zawadi mapema hivyo.

Kisha nikachomeka waya.

Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya kuchukiza. Ilikuwa kama mtu anapiga bati kwa misumari. Besi hakuna, sauti kali inachoma masikio. Kinamama wa sauti ya kwanza wakaziba masikio, mmoja akacheka kwa kunionea aibu.

"Mnasikia?" mwalimu akasema. "Hicho ndicho mnachotaka tupeleke Mlowo mbele za watu?"

Nilizungusha kibonye cha besi ubavuni mwa gitaa. Sauti ikanenepa, nami nikaanza kutabasamu, halafu ikakonda tena kabla sijaondoa kidole. Nikakizungusha tena. Ikanenepa, ikakonda. Gitaa halifanyi hivyo lenyewe. Niliinua macho nikamtazama mwalimu. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, kama mtu anayewaza mambo ya mbinguni, lakini bega lake la kulia lilikuwa linacheza.

Harusi ile yote ilinirudia, na kicheko cha wale wanaume. Nilitamani kumtupia gitaa lile usoni. Badala yake niliendelea kupiga, na huku napiga nikaanza kutembea. Waya ulikuwa mrefu. Nikapita mbele ya sauti ya kwanza, nikapita sauti ya pili, wote wananitazama, mpaka nikasimama juu ya kichwa chake.

"Unataka nini huku?" akasema.

"Mama mwenyekiti," nikaita, "naomba uje hapa."

"Rudi mahali pako. Hapa si pa wapiga gitaa."

Mwenyekiti alikuja. Yeye mixa haijui. Anajua mizani na magunia. Akainama, akaweka miwani vizuri, akatazama safu ya vitufe vya kinanda, kisha safu ya gitaa.

"Mwalimu," akauliza, "mbona hivi vya kinanda vyote vimesimama wima, na hivi vya gitaa kimoja kimelala huku, kingine kimelala kule?"

"Ndivyo gitaa hilo linavyotaka, mama."

"Visimamishe."

Mwalimu akakunja mikono kifuani. "Mimi ndiye ninayejua mashine hii."

"Basi dada, visimamishe wewe."

Nikavisimamisha mwenyewe, mbele ya pua yake. Niliposogeza mkono alisogeza kiti nyuma, miguu ya kiti ikapiga kelele sakafuni. Nikapiga tena wimbo uleule.

Hapo ndipo nilipolisikia gitaa lile kwa mara ya kwanza. Besi ilitoka ya duara, imejaa bila kuvimba. Nyuzi nyembamba zililia wazi, kila moja peke yake, hata nilipozipiga zote kwa pamoja. Nilipogusa taratibu lilinong'ona, nilipokaza mkono lilipanda nami, na kanisa zima likajaa bila mimi kutoa jasho. Watu waliacha kuzungumza. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kuimba, wengine wakamfuata, nikaona nimepiga ubeti mzima nikiwa nimesahau nilikuwa na hasira.

Nilikumbuka tena nilipomaliza. Sikutaka mtu aje kusema nililipendelea kwa kuwa nililitafuta mimi, kwa hiyo nikaenda kusimama mbele kabisa ya spika, mahali ambapo gitaa la namna hii huumbuka, nikaongeza sauti. Likapiga mluzi mkali wa kuumiza meno. Ubavuni kulikuwa na kibonye kidogo kilichowekwa kwa shida hiyohiyo. Nilipokibonyeza mluzi ukapungua, haukuisha.

"Mmesikia wenyewe," nikasema. "Mpigaji akisimama karibu na spika litalia. Kibonye kinasaidia, hakiponyi. Betri lazima iwepo ya akiba, ikiisha katikati ya wimbo limekufa. Uzi mwembamba unakwaruza juu. Lakini kwa jukwaani sijawahi kushika gitaa zuri kama hili."

"Mwalimu unasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Nasema kwaya yangu haitageuzwa bendi ya baa."

"Sikukuuliza habari za baa. Nataka kujua kwa nini uliliharibu sauti."

Akasimama, na hakumjibu mwenyekiti, alinijibu mimi. "Tangu nikujue unataka watu wakutazame wewe. Mwanamke mzima na gitaa begani, unatembea kanisani kama uko maonyesho. Nilikuzima harusini na ningekuzima tena."

Wale waliocheka siku ya harusi walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Umesikika," nikamwambia. "Umesema mwenyewe, wote wamesikia, sihitaji shahidi. Ila usiite kwaya yako. Wewe ulitukuta tunaimba."

"Na nitawaacha mnaimba. Tuone."

Alifunga kinanda chake, maana kilikuwa chake kweli, akakibeba kwapani na kutoka. Mlangoni akageuka akawatazama wanaume wa sauti ya tatu. Mmoja akainuka, halafu mwingine. Walitoka zaidi ya nusu, na mlango ulipofunguka kelele za malori zikaingia zote kwa mkupuo.

Mwenyekiti akasema, "Gitaa tumelinunua," kwa sauti ambayo hata yeye haikumfurahisha.

Mchungaji alijaribu kutupatanisha. Alituita ofisini kwake, tukakaa viti viwili vilivyokaribiana, akatuombea. Alipofumbua macho akamwambia mwalimu aniombe radhi. Mwalimu akasema ataomba radhi siku nitakapoacha kupiga. Nikasema basi asiombe. Kikao kiliishia hapo, chai hatukuinywa.

Mlowo tulikwenda bila yeye. Jukwaa lilikuwa kando ya barabara kuu, mbele yake watu wengi, wengine wametoka sokoni na mafurushi yao. Nilisimama jukwaani kwa mara ya kwanza maishani mwangu na gitaa begani, bila kiti, bila maiki mbele ya tumbo. Mixa aliishika binti wa mchungaji, na nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu: asiguse mstari wangu mpaka nimwashirie. Upepo ulivuma, gitaa halikujali. Lilipiga mluzi mara moja, nikasogea kando ya spika, likanyamaza. Kila nilichokisema kanisani kilitokea vilevile.

Lakini kwaya ilikuwa imebomoka. Sauti ya tatu ilikuwa wanaume wachache waliobaki, wenye hofu, wanatafutana kwa macho. Pale ambapo zamani walikuwa wanashuka chini na kuubeba wimbo wote, sasa palikuwa shimo, na gitaa zuri lilifanya shimo lionekane zaidi. Nilijaribu kulijaza kwa besi. Gitaa haliimbi maneno. Watu walipiga makofi ya heshima.

Nikiwa nashuka ngazi nilimwona. Alikuwa amesimama pembeni ya duka la pembejeo, amevaa koti lake la Jumapili, mikono kifuani. Sijui alitoka Tunduma kwa ajili ya kutusikiliza tu au alikuwa na shughuli zake. Nilitaka kupita, akaniita kwa sauti aliyokuwa akiitumia mazoezini.

"Gitaa liko sawa," akasema. "Sauti ya tatu imekufa."

"Wewe ndiye uliyeondoka nayo."

"Na wewe ndiye uliyebaki na kwaya."

"Ulitusikiliza muda wote?"

"Mpaka mwisho." Akatazama gitaa begani kwangu, akanyoosha kidole kwenye uzi mwembamba. "Huo ubadilishe. Unakwaruza."

"Nilishasema siku ile," nikamjibu. "Ulikuwa huna muda wa kusikia."

Nikaenda zangu kwenye gari la kwaya.

Sasa ana kwaya yake upande wa pili wa mji, na watu wanasema inaimba vizuri. Naamini. Mwenyekiti ametuletea vijana wa kujaza sauti ya tatu, nami ninawafundisha kwa gitaa kila Jumamosi, taratibu, kwa sababu sina sikio kama lake na kuna makosa nachelewa kuyasikia. Wiki iliyopita tulikutana uso kwa uso kwenye njia ya benki. Yeye alitazama simu yake, mimi nikatazama malori.